Fundi wa Hewa

Watu wa Bwera wanasema nilimwibia shemeji yangu mtoto wake. Wanasema sokoni, siku za soko la mpakani, na wakiniona nakuja wanaendelea kwa sauti ya chini ambayo bado naisikia. Sijawahi kuwajibu. Anayetaka kujua kwa nini Masika, binti wa marehemu dada yangu, analala kwangu Kyondo na si nyumbani kwa baba yake, sharti kwanza amjue baba huyo, na kumjua si kazi ya kusimama njiani na kusalimiana.

Sote tulimwita Fundi. Marubani walimwita Fundi, walinzi walimwita Fundi, na dada yangu, aliyevishwa pete naye kanisani mbele ya watu, alimwita Fundi mpaka mwisho. Jina lake la ubatizo nililisikia siku ya harusi, likasomwa mara moja na padri, na sikulisikia tena.

Alitengeneza ndege ndogo katika uwanja wa Kasese. Mimi nilikuwa napima mizigo hapohapo, kazi aliyonitafutia yeye, na sitamnyima haki yake katika hilo. Kampuni ilikuwa na ndege mbili za viti vichache. Moja iliruka. Nyingine ilikuwa imelala kando kwenye majani, imenyofolewa hiki na kile kila mwaka mpaka ikabaki mbavu. Ndege ndogo inataka kujua uzito wa kila kitu, basi mimi nilipima mabegi, na baada ya mabegi niliwapima wenye mabegi, na hapo ndipo vita vilipoanzia. Wazee wa kahawa walipanda mizani bila neno. Wazungu wa mbugani walicheka wakapanda. Lakini kina mama wa biashara kutoka Butembo!

"Mama, panda hapa tafadhali."

"Miye nipande? Weye unanipima sawa mufuko ya kahawa?"

"Si mimi, mama. Ni ndege inataka."

"Ndege iko na macho? Iliniona wapi?"

Fundi akiwa chini ya bawa alikuwa akisikia hayo na kucheka peke yake, kicheko kifupi cha puani. Ni hapo tu nilipomwona akicheka. Kwa mengine yote alikuwa mtu wa amri. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya jeshi, na jeshi halikumtoka mdomoni. "Toka. Kaa. Ngoja. Usiguse." Alimwambia hivyo rubani, alimwambia hivyo mkurugenzi wa kampuni, alimwambia hivyo mbuzi aliyeingia uwanjani, na wote watatu walimtii sawasawa.

Ila hakuna aliyemjua kwa injini. Injini zilikuwa na mafundi wao wenye vyeti, waliokuja kutoka Entebbe. Yeye aliachiwa mengine: viti, mikanda, milango, magurudumu, na zaidi ya yote matundu ya hewa. Mtu ambaye hajakaa Kasese hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Ndege ikisubiri juani saa sita mchana, ndani panakuwa kama chini ya kifuniko cha sufuria. Juu ya kila kiti kuna kipira cha plastiki chenye tundu katikati. Ukikizungusha, hewa inakuja. Ukikigeuza, inakuelekea usoni. Kikigoma, abiria anatokwa jasho, anatapika, na anayetapika juu ya Rwenzori anawatapisha wenzake wote.

Na viligoma kila wiki. Vumbi la uwanja lile jekundu lilipenya humo. Mikono yenye mafuta ya kujipaka iliacha utando. Nyigu walijenga nyumba za udongo ndani ya mabomba. Lakini adui wake mkubwa walikuwa kina mama wenye watoto wachanga. Kwetu upepo baridi wa mlima ukimwingia mtoto kifuani ni kifo, kila mtu analijua hilo, basi mama akipanda tu, kabla ya kufunga mkanda, anakibana kile kipira kwa nguvu zake zote, na kisipofunga vizuri anakisokomezea pembe ya kitenge. Fundi alitoa humo vitambaa, majani ya mgomba, ubani uliotafunwa, mara moja hata soksi ya mtoto. Aliviita vile vitundu "mapua".

"Ona hii mapua," alikuwa akinionyesha kwa hasira. "Mutu anaziba pua ya ndege halafu analia iko joto. Banadamu beko na akili gani?"

Njia yake ya kuvitengeneza niliiangalia mara nyingi kwa sababu, kwa kweli, ilikuwa inapendeza kuiangalia. Fundi aliyemtangulia alikuwa akivipaka grisi. Vinalainika siku mbili, kisha grisi inashika vumbi na kugeuka uji mzito, na kitundu kinakuwa kigumu kuliko mwanzo. Abiria anakivunja kwa kukilazimisha. Fundi hakugusa grisi. Alifungua skrubu ndogo tatu, akazipanga kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio wa zilivyotoka. Alikitoa kile kipira polepole, kama unavyomvua shati mtoto aliyelala. Alikiloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, akakisugua kwa mswaki mkuukuu, akakianika kivulini, si juani, maana jua linapinda plastiki. Kisha alikwangua penseli kwa wembe, akachukua ule unga mweusi kwa ncha ya kidole na kuupaka pembezoni mwake kote. Dawa ya kopo iliyotakiwa kwa kazi hiyo ilipatikana Entebbe, na Entebbe hawakuikumbuka Kasese. Akimaliza, alikaa kwenye kila kiti, injini ikiwa inaunguruma, na kuweka shavu lake pale hewa inapotokea. Alifumba macho. Kama haikumridhisha, alianza upya.

"Kitu ikigoma usilazimishe," alisema. "Uliza kwanza nini inaiuma."

Alisema hivyo kwa marubani, kwa walinzi, kwangu mimi niliyekuwa nikiupiga teke mlango wa ofisi. Ni neno zuri sana. Nimelichukia kwa miaka mingi.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni kwamba hakuweza kusema uongo. Sisemi hakupenda. Sisemi alikuwa mcha Mungu kuliko wengine, ingawa Jumapili hakukosa misa. Hakuweza tu, kama mtu asiyeweza kupiga mluzi. Siku moja mkurugenzi alileta wageni wakubwa, akataka Fundi awaambie kwamba ndege imekaguliwa yote. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo legevu. Fundi alisimama mbele ya wale wageni, akafungua mdomo, akaufunga, jasho likamtoka. "Mulango ya nyuma bado," akasema. Wageni wakaghairi safari. Mkurugenzi alimtukana mbele yetu sote, na yeye akasikiliza matusi yote akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, kisha akaenda kutengeneza komeo.

Na alikuwa mkarimu, hilo pia niliseme, nisije nikaambiwa namchafua. Mtu akipita na pikipiki akileta samaki wa ziwani Kahendero, Fundi alinunua na kuwagawia walinzi wa usiku, yeye akabaki na vichwa. Mkongomani mmoja mkimbizi alikaa uwanjani siku kadhaa akisubiri habari za mkewe kutoka Beni, na ni Fundi aliyemlisha bila kumuuliza hata jina. Watu wa Kasese walimpenda. Ukimsema vibaya Kasese utaonekana una wivu.

Lakini mimi sikumjua Kasese tu. Nilimjua pia akiwa Bwera, na huko alikuwa mtu mwingine.

Siku za kazi alilala Kasese, kwenye chumba cha kupanga karibu na uwanja. Nilipita pale asubuhi nyingi. Dirisha lake lilikuwa wazi usiku kucha, pazia likipepea nje. Jumamosi jioni alipanda pikipiki yake kwenda nyumbani Bwera, upande wa kuelekea Karambi, kwenye nyumba nzuri ya matofali aliyoijenga kwa jasho lake. Nyumba ile ilikuwa na madirisha matano, na yote matano alikuwa ameyapigilia mbao kwa misumari, ndani na nje.

Sababu ilijulikana. Miaka ya waasi, waasi hao walikuja kwenye nyumba ya wazazi wa Fundi wakapitia dirishani, wakamchukua mdogo wake. Fundi alikuwa chini ya kitanda, anaona miguu. Mdogo wake hakurudi. Hilo nalijua, na sijawahi kulicheka. Mtu aliyeona miguu ile ana haki ya kuogopa dirisha. Lakini waasi waliondoka. Watoto waliozaliwa baada yao walikua, wakamaliza shule, wakaoa. Watu wa Bwera walifungua madirisha yao, wakatia vioo, wakatia mapazia ya maua. Yeye alizidisha. Alijenga ua wa matofali kuizunguka nyumba, mrefu kuliko mtu, na juu yake akapanda vipande vya chupa.

Dada yangu alikuwa na pumu. Alikuwa nayo tangu utotoni. Kwetu alilala karibu na mlango, na mama yetu alikuwa akiamka kumfungulia. Alimwambia Fundi hayo kabla ya ndoa, hakumficha. Sasa akawa analala katika nyumba ya madirisha ya mbao, na kwa kuwa jiko la nje lilitakiwa kufungwa kabla ya jua kuzama, alipikia ndani, kwenye sigiri ya makaa, chumba cha nyuma. Siku za mvua sigiri ilibaki ndani kutwa kwa ajili ya baridi. Nikienda kumtembelea, macho yaliniwasha kabla sijakaa. Yeye alikuwa anazungumza maneno matatu na kupumzika, maneno matatu na kupumzika, na bado anataka kunichekesha.

Nilimwomba Fundi, si mara moja.

"Shemeji, fungua dirisha moja tu. La upande wa mlima."

"Hapana."

"Dada hapumui."

"Asubuhi mulango inafunguliwa. Atapumua."

"Lakini wewe Kasese unalala dirisha wazi. Nimeona kwa macho yangu."

"Kasese hapana waasi."

"Na hapa wako wapi? Nionyeshe mmoja, shemeji, nimpikie chai."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto, akasema, "Weye hukuwako." Mazungumzo yakaishia hapo, kila mara yaliishia hapo. Siku moja dada yangu aling'oa misumari ya ubao mmoja kwa kisu cha jikoni, akakaa na ufa wa mwanga kuanzia Jumatatu. Jumamosi Fundi akauona. Hakumpiga, hakumfokea. Alitafuta nyundo. Dada aliponisimulia alikuwa anamtetea. "Ni woga, Kabugho, si ubaya," aliniambia. Nikamwambia kifua chake hakijui tofauti.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo watu wa Bwera hulitaja kuonyesha jinsi alivyompenda mkewe. Na alimpenda. Hilo ndilo linalonikera.

Alimwomba mkurugenzi kitundu kimoja cha hewa kutoka kwenye ile ndege ya mbavu, akapewa. Alikipeleka Bwera kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akapima ukuta wa chumba cha kulala, akatoboa tofali kwa patasi polepole, bila kupasua, akapitisha bomba, akaweka wavu wa kuzuia mbu upande wa nje, na upande wa ndani, juu ya mto wa dada yangu, akakifunga kile kipira kwa skrubu zake tatu. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko kikombe cha chai. Mkono wa mwasi usingepita. Aliwaita majirani waje waone. Sijapata kumwona na furaha kiasi kile, hata siku ya harusi.

"Zungusha, Mama Masika," alimwambia. "Kidole moja tu."

Dada akazungusha kwa kidole kimoja. Kikazunguka laini kabisa. Majirani wakapiga makofi. Nilisogea nikaweka kiganja changu pale, nikangoja. Hapakuja kitu.

Katika ndege hewa inakuja kwa sababu panga la injini linaisukuma na ndege yenyewe inakimbia. Nyumba imekaa. Alilijua hilo, si mjinga, na alikuwa na jibu: alikuwa amechagua ukuta unaoelekea mlimani, ili upepo wa jioni unaoshuka Rwenzori uingie wenyewe. Lingekuwa jibu zuri. Ila nje ya ukuta ule, hatua moja tu, ulisimama ua wake mwenyewe wa matofali na chupa. Upepo ulishuka mlimani, ukagonga ua, ukarudi ulikotoka. Mtu yeyote angeona, isipokuwa aliyejenga vyote viwili.

Nilimwambia. Akasema, "Upepo ya mulima iko na saa yake. Itafika."

Haukufika. Na hapo akafanya kosa ambalo fundi wa matundu ya hewa peke yake anaweza kulifanya: akaamini kwamba kitundu kimekuwa kigumu. Kila Jumamosi alikifungua, akakiloweka, akakisugua kwa mswaki, akakianika kivulini, akakwangua penseli, akakirudisha. Kilikuwa safi. Kilikuwa safi kuliko vyote alivyowahi kuvigusa, hakuna mama aliyekibana wala nyigu aliyekikaribia. Akaweka shavu lake pale, akafumba macho, akasema bado kidogo, Jumamosi ijayo. Dada yangu naye, kwa kumwonea huruma, akawa anaulaza uso wake pale kila jioni, na akiulizwa anasema anahisi vizuri. Nilimkuta hivyo siku moja, mdomo wazi karibu kabisa na ile plastiki, anavuta. Akanishika mkono. "Usimwambie," akasema. "Amekifanya kwa mikono yake."

Alikufa mchana, wakati wa mvua nyingi, sigiri ikiwa ndani. Masika alikimbilia kwa jirani. Jirani akamweka dada juu ya bodaboda, katikati yake na dereva, wakaondoka kwenda hospitali kwenye matope, na njiani jirani akahisi kichwa cha dada kimekuwa kizito begani kwake. Walimpigia simu Fundi, hakupokea. Wakanipigia mimi.

Nilitembea kutoka ofisini mpaka kwenye ndege. Abiria walikuwa wanasubiri chini ya bawa, mvua ilikuwa haijafika Kasese, jua linawaka. Fundi alikuwa ndani, amelala chali juu ya viti viwili, ana bisibisi mkononi. Vipira vinne vilikuwa kwenye kitambaa chake.

"Shemeji, shuka. Dada amefariki."

"Nani amesema?"

"Jirani. Amefia njiani."

Aliniangalia. Kisha akageuka, akachukua kipira cha kwanza, akakiweka mahali pake. Skrubu moja, ya pili, ya tatu. Akachukua cha pili. Nilisimama mlangoni mwa ndege nikimtazama, nikadhani hakusikia, nikarudia, na mikono yake ikaendelea. Alivirudisha vyote vinne. Akavizungusha kimoja kimoja kwa kidole. Ndipo akashuka, akajifuta mikono, akaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki katika mifuko yote, suruali, koti, tena suruali, na ufunguo alikuwa ameushika.

Wameniambia ni mshtuko. Wameniambia mikono ya mtu hukimbilia inachokijua. Inawezekana. Najua tu kwamba abiria wale walifika Entebbe wakipata hewa safi, kila mmoja usoni pake.

Kwenye msiba, mwili wa dada uliwekwa sebuleni. Wanawake walijaa, joto likapanda, mishumaa inawaka, na mmoja wa mama zetu wadogo akazimia. Shangazi yangu alimfuata Fundi nje, kwenye moto wa wanaume, akamwomba kwa heshima kwamba dirisha moja lifunguliwe, kwa ajili ya marehemu na waombolezaji. Fundi alitikisa kichwa. Tulimlilia dada yangu kwa zamu, kumi kumi, tukitoka nje kuvuta pumzi. Na katika zamu yangu, kati ya vilio, nilisikia kikohozi kikavu chenye mluzi mwishoni. Nilikijua kikohozi kile, nililala nacho chumba kimoja utoto wangu wote. Nikageuka kuona ni nani. Alikuwa Masika.

Nilimchukua baada ya mazishi, kwa kisingizio cha likizo. Likizo ikaisha, sikumrudisha. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, mbuzi wa mahari walitolewa na kuliwa, hakuna wa kubisha. Wazee wake walituma watu wawili, wakanywa chai yangu, nikawaambia baba mwenyewe aje. Wakati huo nilikuwa nimeacha kazi ya mizani, nalima kahawa Kyondo, na Masika kwenye baridi ile ya juu alikuwa analala mpaka asubuhi bila kukohoa. Nilikuwa nasikiliza.

Alikuja msimu wa kuchuma kahawa. Nilisikia pikipiki ikipanda kilima kwa taabu, nikajua. Kampuni ilikuwa imehamisha ndege yake, naye sasa alikuwa anatengeneza pikipiki za watu pale Bwera. Alikonda. Shati lilikuwa safi. Nilimpa obundu, ugali wetu wa muhogo, na maharage, akala, akanawa, akaweka mikono magotini.

"Shemeji, nimekuja kuchukua mutoto."

"Ni wako. Sikatai."

"Asante."

"Ila nijibu swali moja. Akifika, utamfungulia dirisha? Sisemi yote. Moja, la chumba chake."

Hapa naapa kwa Mungu aliye juu. Kama angesema ndiyo, ningemfungashia Masika nguo zake. Nilijua wazee wangekuja tena, na polisi, na padri. Nilikuwa nimechoka. Angeweza kusema ndiyo na kufika nyumbani na kuendelea kama zamani, na nani angempinga? Kila mwanamume ninayemjua angesema ndiyo.

Alifungua mdomo, akaufunga. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, katika baridi ya Kyondo. Nje Masika alikuwa anaimba huku akianika kahawa, na yeye alikuwa anamsikia.

"Hapana," akasema. "Nimejaribu, shemeji. Nimeshika nyundo. Siwezi."

"Basi huwezi kumchukua."

"Ndiyo," akasema. "Nimeona."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi miezi mingi, nina maneno yangu yote tayari, na hapakuwa na wa kumpa. Baadaye akauliza mtoto analala wapi. Nikamwonyesha chumba. Kilikuwa na dirisha moja la ubao, lililovimba kwa mvua, ambalo mimi hulifungua kwa kulipiga bega. Masika hakuliweza peke yake, alikuwa ananiita. Fundi alilisukuma kidogo, akasimama, akalitazama pande zote. Akatoa bisibisi mfukoni. Akalishusha kutoka kwenye bawaba, akaliweka sakafuni, akapiga magoti, akaanza kulikwangua ukingo kwa kisu, mahali pembamba tu palipokuwa panabana, akipuliza unga wa mbao, akijaribisha, akikwangua tena. Aliniomba kipande cha mshumaa, akasugua nta kwenye ukingo na kwenye bawaba. Ilichukua muda mfupi sana. Ndilo jambo lililoniua, ule ufupi wake. Miaka yote ile ya dada yangu, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo namna hii.

Alilirudisha, akamwita Masika.

"Fungua," akamwambia. "Usilazimishe."

Masika akaligusa kwa ncha za vidole, nalo likaenda lote mpaka ukutani. Upepo wa mlima ukaingia na harufu ya kahawa mbichi, ukaipuliza nguo yake, ukampiga baba yake usoni. Alisimama pale kitambo, macho amefumba. Halafu akamshika Masika kichwani, akavaa kofia yake ya pikipiki, akanipita mlangoni bila kuniangalia.

Nilitamani kumkimbilia na kumpiga kwa ngumi zote mbili mgongoni. Sikumkimbilia. Nilisimama kwenye chumba kile mpaka sauti ya pikipiki ikaisha chini ya kilima, na Masika akaniuliza kwa nini ninalia, nikamwambia ni hasira, na ilikuwa kweli.